Barua ya udahili si kibali cha kazi: Yanayopaswa kupimwa na familia za Kilosa na Mikumi kabla ya kumpeleka kijana kusoma biashara nje ya nchi

KILOSA, Morogoro

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, na wahitimu wa vyuo vikuu wanaporejea nyumbani na vyeti vyao, familia nyingi wilayani Kilosa hukaa kikao kujadili hatua inayofuata. Miongoni mwa mapendekezo yanayofikishwa katika vikao hivyo ni kumpeleka kijana kusoma biashara nje ya nchi, iwe ni Shahada ya Kwanza au, kwa aliyekwisha kuhitimu na kufanya kazi, Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara ijulikanayo zaidi kwa kifupi cha MBA. Hoja inayobeba uzito katika kikao huwa ni moja: kijana akishasoma huko atapata kazi huko, na fedha zilizotumika zitarudi.

Hoja hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoifanya familia ikubali kuuza ekari za miwa Ruhembe au Kidodi, kupunguza mifugo, au kuiweka nyumba dhamana ya mkopo. Ukweli ni kwamba udahili, viza ya masomo na ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo ni mambo matatu yanayotolewa kwa vigezo tofauti. Chuo ndicho kinachodahili. Serikali ya nchi husika ndiyo inayotoa viza. Kazi humtegemea mwajiri aliye tayari kuajiri mgeni, na Serikali ya nchi hiyo kumruhusu afanye hivyo. Kupata la kwanza hakumhakikishii mtu la pili, wala la pili halimhakikishii la tatu.

Wilaya ya Kilosa inayo kata iitwayo Ulaya, upande wa kuelekea Mikumi. Kuifikia Ulaya hiyo hakuhitaji viza wala akiba ya benki. Kuifikia ile nyingine kuna masharti, na mengi kati ya hayo yamebadilika katika kipindi kifupi, kiasi kwamba ushauri wa ndugu aliyesafiri miaka mitano iliyopita unaweza kuwa umepitwa na wakati.

Udahili una ngazi zake

Kosa la kwanza linaloweza kuigharimu familia ni kuomba programu isiyolingana na hatua aliyofikia mwombaji. Mhitimu wa Kidato cha Sita huomba Shahada ya Kwanza. Mhitimu wa chuo kikuu asiye na uzoefu wa kazi hufaa zaidi kuomba Shahada ya Uzamili ya kitaaluma, kama vile ya menejimenti, fedha au masoko. MBA ilibuniwa kwa ajili ya watu waliokwisha kufanya kazi, na shule za biashara zenye ushindani mkubwa hutarajia mwombaji awe na uzoefu wa miaka kadhaa. Msimamizi wa hoteli ya kitalii Mikumi au ofisa wa chama cha ushirika mwenye miaka minne kazini anacho cha kueleza katika maombi yake kuliko kijana aliyehitimu mwezi uliopita, hata kama kijana huyo ana alama za juu zaidi.

Shule nyingi za biashara huomba pia matokeo ya mtihani wa GMAT au GRE. GMAT ya sasa huchukua saa mbili na dakika 15, ina sehemu tatu, yaani hesabu, ufahamu wa lugha na uchambuzi wa takwimu, na alama zake huanzia 205 hadi 805. Matokeo yake hutumika kwa miaka mitano. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS au TOEFL matokeo yake hutumika kwa miaka miwili tu. Hivyo anayefanya mtihani mapema mno hulazimika kuurudia na kuulipia tena.

Ubora wa shule nao una namna ya kupimwa. Zipo taasisi tatu za kimataifa zinazotambulika katika kuithibitisha elimu ya biashara: AACSB yenye asili ya Marekani, AMBA ya Uingereza na mfumo wa EQUIS wa Ulaya. Orodha za shule zilizothibitishwa hupatikana katika tovuti zao bila malipo. Shule kutokuwemo katika orodha hizo hakumaanishi kuwa ni mbovu, lakini shule inayodai kuthibitishwa huku haionekani humo imejitia shaka yenyewe.

Fedha zinazoonekana kabla ya safari

Kwa nchi nyingi, barua ya udahili hufuatiwa na sharti la kuonesha fedha za kujikimu, mbali na ada ya chuo. Nchini Uingereza, tangu Novemba 2025, mwanafunzi anayekwenda kusoma nje ya London huonesha Pauni 1,171 kwa kila mwezi hadi miezi tisa, na kwa London Pauni 1,529. Kwa chuo kilicho nje ya London jumla hufikia Pauni 10,539, na fedha hizo sharti ziwe zimekaa katika akaunti kwa siku 28 mfululizo. Mwanafunzi hulipa pia mchango wa huduma za afya wa Pauni 776 kwa mwaka.

Ujerumani huhitaji uthibitisho wa Euro 11,904 kwa mwaka, ambazo kwa kawaida huwekwa katika akaunti maalum inayomruhusu mwanafunzi kutoa fungu moja tu kila mwezi. Canada huhitaji Dola za Canada 22,895 kwa mwombaji mmoja, kuanzia Septemba 2025, mbali na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Kila kimoja kati ya viwango hivi huzidi Shilingi milioni 30.

Yapo maelezo yanayosikika mara kwa mara kwamba mwanafunzi ataishi kwa kazi za muda akiwa huko. Kazi hizo zipo, ila zina mipaka. Uingereza huruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa mwanafunzi wa shahada, Canada saa 24, na Ujerumani siku kamili 140 kwa mwaka. Ofisa wa viza haikubali mishahara inayotarajiwa kama mbadala wa akiba, na mwanafunzi anayezidisha saa hizo anahatarisha kibali chake cha kuishi. Familia inayokopa kwa matumaini kwamba kijana atalipa marejesho kwa kazi za muda inaweka rehani mali yake kwa kipato ambacho sheria yenyewe imekiwekea kikomo.

Baada ya kuhitimu: kila nchi na utaratibu wake

Uingereza humruhusu mhitimu kubaki na kufanya kazi kwa miaka miwili bila kudhaminiwa na mwajiri. Muda huo utapungua hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027, isipokuwa kwa wahitimu wa Shahada ya Uzamivu. Kwa kuwa programu nyingi za uzamili huko ni za mwaka mmoja, anayeanza masomo Septemba 2026 atakuwa chini ya utaratibu huo mpya. Muda huo ukiisha, anayetaka kuendelea hupaswa kuwa na mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni na mshahara uliofikia kiwango kilichowekwa. Tangu Julai 22, 2025 kiwango cha jumla ni Pauni 41,700 kwa mwaka. Mhitimu mpya hukubaliwa kwa kuanzia Pauni 33,400, mradi pia kiwango cha kazi husika kimefikiwa. Aidha, tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa uzamili hawaruhusiwi kuambatana na mwenza au watoto. Jambo hili lina uzito kwa mwombaji wa MBA, ambaye mara nyingi ni mtu mwenye familia.

Ujerumani humpa mhitimu hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Zipo programu za biashara zinazofundishwa kwa Kiingereza, lakini ofisi nyingi za nchi hiyo hufanya kazi kwa Kijerumani. Anayemaliza masomo bila kuijua lugha hiyo hushindana kwa nafasi chache, na muda wake wa kutafuta unaendelea kuhesabiwa.

Canada hutoa kibali cha kazi cha hadi miaka mitatu kwa mhitimu, kwa masharti kwamba chuo kiwe katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na programu iwe inastahili. Si kila chuo kinachopokea wageni kinakidhi sharti hilo. Swali hilo huulizwa kabla ya kulipa ada, kwani baada ya kuhitimu jibu lake halibadiliki.

Kuhusu Marekani, tangazo la Rais wa nchi hiyo la Desemba 16, 2025, lililoanza kutumika Januari 1, 2026, liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya sehemu katika kupata viza, zikiwemo viza za wanafunzi za kundi F, M na J. Mwenye nia ya kusoma huko hana budi kufuatilia matangazo ya Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam kabla ya kulipia mtihani au maombi yoyote. Hata kwa walioko huko tayari, mhitimu wa viza ya F hupewa miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yake, ikiongezwa miezi 24 kwa programu zinazotambuliwa kuwa za sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati. Baadhi ya programu za MBA zimo katika kundi hilo na nyingine hazimo. Baada ya hapo mwajiri humwombea viza ya kazi ya H-1B, ambayo nafasi zake za kawaida ni 85,000 kwa mwaka kwa waombaji wa dunia nzima, na maombi huzidi nafasi hizo.

China na India zimepokea Watanzania wengi, na gharama zake mara nyingi ni nafuu kuliko za nchi za Magharibi. Hata hivyo, viza ya mwanafunzi ya India hairuhusu kufanya kazi. Nchini China mwanafunzi hafanyi kazi bila idhini maalum, na anayetaka kubaki baada ya masomo sharti apate mwajiri atakayemwombea kibali. Kwa anayekwenda katika nchi hizo, hesabu ya familia ijengwe juu ya ajira au biashara atakayoifanya akirejea.

Uhakiki unaofanyika nyumbani

Shahada ya nje huthaminiwa nyumbani baada ya kutambuliwa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo yenye jukumu la kutambua na kulinganisha tuzo za vyuo vikuu vya nje. Tume hiyo hutoa pia Hati ya Kutokuwa na Pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje, baada ya kutazama sifa zake na chuo anachokwenda. Kuipata hati hiyo kabla ya safari huiepusha familia na hali ya kijana kurejea na cheti cha chuo kisichotambulika. Aliyesoma sekondari nje ya nchi hupata ulinganifu wa vyeti vyake kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA).

Ni vyema pia kutofautisha shahada na taaluma yenye usajili. MBA, hata ya shule kubwa, haimfanyi mtu kuwa mhasibu aliyesajiliwa. Anayelenga kazi ya uhasibu au ukaguzi nchini hupaswa kutimiza masharti ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), ambayo mitihani yake hufanyika hapa hapa nchini kwa gharama isiyokaribia ile ya masomo ya nje.

Wakala wa chuo na wakala wa ajira

Wapo mawakala wanaofanya kazi kihalali ya kuwaunganisha wanafunzi na vyuo vya nje, na TCU huwasajili. Wapo pia mawakala binafsi wa huduma za ajira, wanaosimamiwa chini ya Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na taarifa zao hupatikana kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA). Hizi ni shughuli mbili tofauti. Mtu anayeahidi udahili, viza na kazi kwa pamoja, kwa malipo ya mkupuo mmoja, anaahidi mambo ambayo hayamo katika mamlaka yake, kwani hakuna wakala anayetoa viza.

Dalili nyingine za kutilia shaka ni malipo yanayotakiwa kupitia namba binafsi ya simu, barua ya udahili inayotumwa kutoka anuani isiyo ya chuo, kazi ya ofisini inayotolewa bila usaili, na maelekezo ya kusafiri kwa viza ya matembezi kwa ahadi ya kuibadilisha huko mbele. Dalili hii ya mwisho ni ya hatari zaidi. Ahadi za kazi za aina hiyo ni moja ya njia zinazotumiwa na wahalifu wa usafirishaji haramu wa binadamu, kosa linaloadhibiwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mzazi mwenye shaka anaweza kutoa taarifa kituo cha Polisi au ofisi ya Uhamiaji iliyo karibu kabla ya kijana kuondoka, kwa kuwa ni vigumu zaidi kumsaidia akiwa tayari amenyang'anywa pasipoti katika nchi ya mbali.

Ufadhili, na masharti ya kurejea

Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia hutangaza nafasi za ufadhili zinazotolewa na nchi rafiki, na zipo pia zinazoombwa moja kwa moja kwa mfadhili. Mfano ni ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza, unaogharamia Shahada ya Uzamili ya mwaka mmoja. Mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, sawa na takribani miaka miwili. Kuomba ni bure. Mnufaika hulazimika kurejea nchini mwake kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya masomo.

Sharti hilo la kurejea linapaswa kufahamika mapema katika kikao cha familia. Anayepokea ufadhili wa aina hii hajapata njia ya kuhamia nje. Amepata elimu ya kuja kuitumia nyumbani.

Mlango ulio karibu

Nyumbani napo pana cha kupimwa. Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoanzia katika shule ya mafunzo ya serikali za mitaa ya mwaka 1953 na kuwa chuo kikuu mwaka 2001, kipo ndani ya Mkoa wa Morogoro kando ya barabara kuu inayopita Mikumi, na hutoa masomo ya biashara hadi ngazi ya uzamili. Dar es Salaam kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye shule yake ya biashara, na Arusha kuna ESAMI, taasisi ya menejimenti inayohudumia nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 1, 2010 imefungua nafasi kwa wafanyakazi wa nchi wanachama, ingawa aina za kazi zilizofunguliwa hutofautiana kati ya nchi na nchi na kibali bado huombwa.

Mahitaji ya watu wenye ujuzi wa biashara yapo pia Kilosa yenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, imezungukwa na hoteli, kambi na waongoza watalii wanaohitaji mauzo, hesabu na mawasiliano ya kimataifa. Treni ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, inapita Kilosa na kufupisha safari ya mtalii na ya mzigo. Wakulima wa miwa wanauza kiwandani kupitia vyama vyao, na vyama hivyo vinahitaji mameneja. Kwa kijana mwenye wazo la biashara, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Hayo hayamaanishi kwamba safari ya nje haina manufaa. Kijana wa Mikumi aliyesoma menejimenti ya utalii nje na kujifunza lugha ya wageni wanaofika hifadhini anaweza kurejea na thamani kubwa kwa mwajiri au kwa kampuni yake mwenyewe. Tofauti ipo katika hesabu iliyofanywa kabla ya kuondoka.

Mpangilio wa hatua

Familia inayofikiria safari hiyo inashauriwa kuanza na kazi inayolengwa, na nchi itakakofanyika. Kisha ithibitishe katika tovuti ya uhamiaji ya nchi husika kama mhitimu wa programu hiyo huruhusiwa kufanya kazi, na kwa muda gani. Baada ya hapo ihakiki chuo kwa TCU, iorodheshe gharama zote kuanzia mitihani hadi akiba ya kujikimu, na itafute ufadhili kabla ya mkopo. Hatua ya kuuza au kuweka mali rehani ije mwisho, nayo ifanyike ikiwa tu hesabu inakubali hata pale kijana atakapohitimu na kurejea nyumbani bila kupata kazi nje.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachotenganisha mpango na bahati nasibu. Shamba likiuzwa Ruhembe au Kidodi ni vigumu kulirudisha, ilhali nafasi ya udahili inaweza kuombwa tena mwaka unaofuata.